Kabla ya Kusema Ni Mimba: Mwongozo kuhusu Kasoro za Kuzaliwa za Via vya Uzazi vya Mwanamke

Mwongozo huu ni kwa waganga wafawidhi, matabibu, wauguzi wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika mikoa ya Shinyanga na Geita, pamoja na walimu walezi wa wasichana katika shule za mikoa hiyo. Unamhusu msichana au mwanamke ambaye via vyake vya uzazi havikuumbika kikamilifu tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Mtu huyu kwa kawaida hafiki kituoni akitokea nyumbani moja kwa moja. Ameshapita kwa bibi, kwa mganga, duka la dawa na pengine ofisi ya mwalimu mkuu, na kila alikopita ameambiwa lake: ana chango la uzazi, ana mimba, amefungwa kizazi.

Sehemu kubwa ya kasoro hizi inaweza kushukiwa katika zahanati yoyote yenye kitanda, pazia na mtumishi mwenye subira. Kuitibu ni kazi ya hospitali. Madhara mengi hutokana na kupindua mambo hayo mawili: waliopaswa kuangalia hawakuangalia, na asiyepaswa kukata akakata.

Jinsi kasoro zinavyotokea

Mji wa mimba, mirija ya uzazi na sehemu kubwa ya uke huanzia kwenye mifereji miwili midogo iitwayo mifereji ya Müller, kwa jina la Johannes Müller, mtaalamu wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1830. Kuanzia wiki ya 6 hivi ya mimba, mifereji hiyo hukua kuelekea chini, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha huungana katikati. Ukuta unaobaki kati yake huyeyuka, na kazi yote huwa imekwisha mimba ikifika nusu ya safari yake. Mifereji isipokua, mtoto huzaliwa bila mji wa mimba. Ikikua bila kuungana, hupatikana kizazi chenye pembe mbili, au vizazi viwili kamili. Ukuta usipoyeyuka, kizazi hubaki na kiambaza katikati. Mfereji mmoja ukikua na mwenzake ukadumaa, kizazi huwa cha upande mmoja, na huenda kando yake kukawa na pembe ndogo iliyoziba.

Ovari hazitokani na mifereji hii. Ndiyo maana msichana asiye na mji wa mimba kabisa anaweza kuota matiti na kuwa na umbo la mwanamke sawa na wenzake, na hakuna anayeshuku lolote. Figo nazo huumbika jirani na mifereji hiyo na katika majira yaleyale. Karibu theluthi moja ya wenye kasoro za mifereji ya Müller wana kasoro ya figo pia, mara nyingi figo moja kukosekana. Kwa hiyo anayeandika ombi la altrasaundi ya kizazi aandike na figo. Kizinda kina asili tofauti. Aliyezibwa na kizinda peke yake kwa kawaida figo zake ni salama.

Wenye kasoro hizi si wachache kama tunavyodhani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kuwa kasoro za umbo la kizazi zipo kwa takriban wanawake 5.5 katika kila 100, na wengi wao huzaa na kuzeeka bila kujua. Kuzaliwa bila mji wa mimba hukadiriwa kumpata mwanamke 1 kati ya 5,000 hivi. Kizinda kilichoziba kinakadiriwa kati ya msichana 1 kwa 1,000 na 1 kwa 10,000. Miji iliyojaa watu kama Kahama na Katoro haiwezi kuwakosa.

Msichana anayeumwa kila mwezi bila kuona damu

Huyu apewe nafasi ya kwanza kwa sababu ndiye anayeumia zaidi na ndiye anayetibika kwa urahisi zaidi. Ana miaka 12 hadi 16, matiti yameota, lakini hajavunja ungo. Kila baada ya wiki nne hivi tumbo la chini humkata siku kadhaa, kisha huacha. Damu ya hedhi inatoka kwenye kizazi kama kawaida, ila haina pa kutokea: kizinda kimeziba, au kuna kiambaza kilichokingama ukeni. Inajaa ukeni, kisha kizazini, na miezi ikipita tumbo linatuna. Baadaye mkojo unamsumbua au kuziba kabisa, choo kinakuwa kigumu, mgongo unauma.

Mwalimu anaona tumbo limetuna na binti hajaonekana akiomba taulo ya kike. Akilini mwake hakuna maelezo mengine ila moja. Kwa miaka mingi maelezo hayo yalimaanisha kufukuzwa shule; tangazo la Serikali la Novemba 2021 ndilo lililofungua mlango wa wanafunzi waliojifungua kurudi darasani. Hofu haikuisha kwa tangazo, wala tabia ya kupanga wasichana foleni ya kupimwa mkojo. Mwalimu mlezi anayemshuku mwanafunzi asimuulize mbele ya wenzake, asiite kikao, asimpigie mzazi simu ya kumshitakia mtoto. Amlete kituoni kama mgonjwa, kwa sababu ndivyo alivyo.

Kituoni, maswali yaanze kwa mzazi na binti wakiwa pamoja, kisha binti abaki na muuguzi peke yake. Wengi wa wazazi hawa Kiswahili ni lugha yao ya pili. Kuanza na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka mayu", kunafungua zaidi ya fomu yoyote. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Mama, haya maumivu yanakuja siku yoyote tu, au yana siku zake?"

"Yana siku zake, dokta. Mwezi ukiandama tu, huyu halali. Analia mpaka alfajiri."

"Yalianza lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Tumempeleka kwa wataalamu wakasema ni chango, wakampa dawa ya kunywa. Ikifika siku ya nne anatulia, tunasema dawa imefanya kazi."

Hapo mama ameshatoa nusu ya utambuzi. Maumivu yenye ratiba, kwa binti mwenye matiti na asiye na hedhi, ni kuziba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hakuna sababu ya kusubiri atimize miaka 15. Na dawa ya chango itaendelea kusifiwa kila mwezi, kwa kuwa maumivu haya huja na kuondoka yenyewe.

Uchunguzi ni wa macho, si wa vidole. Binti aelezwe kitakachofanyika na akubali. Awepo muuguzi wa kike au mama yake, kadiri binti atakavyochagua. Alale chali, miguu ikunjwe na kufunguliwa, taa ielekezwe. Mashavu ya uke yashikwe kwa vidole vyenye glavu na kuvutwa polepole kuja mbele na pembeni. Kisha aambiwe akohoe. Ikiwa ni kizinda kilichoziba, utando mwembamba wenye rangi ya samawati utaonekana ukituna kuja nje kila anapokohoa. Hauhitaji spekulamu, na msichana wa namna hii asiwekewe spekulamu wala kuingizwa kidole. Uchunguzi wote hauzidi dakika mbili. Ukikuta tumbo limejaa lakini hakuna utando unaotuna, au uke unaonekana mfupi unaoishia ukutani, shuku kiambaza kilicho juu zaidi. Huyu ni mgumu zaidi kutibu na apelekwe hospitali ya rufaa moja kwa moja.

Kipimo cha mimba cha mkojo kifanyike, kwa kuwa msichana anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi ya kwanza. Aambiwe kabla ya kupimwa, na jibu apewe yeye. Kikisoma hasi huku tumbo ni kubwa, kinachofuata ni altrasaundi. Kurudia kipimo mara tatu kwa kuamini kuwa binti anadanganya ni kupoteza vipimo.

Wapo wanaopotosha hata mtumishi makini. Msichana mwenye uke uliogawanyika pande mbili, upande mmoja ukiwa wazi na mwingine umezibwa, hupata hedhi kila mwezi kama kawaida, lakini maumivu yake yanazidi mwezi hadi mwezi na uvimbe unaota upande mmoja. Figo ya upande huohuo mara nyingi haipo. Huyu hupewa dawa za maumivu kwa miaka. Kichocho cha via vya uzazi, ambacho kipo katika vijiji vyetu, nacho huleta maumivu na damu isiyo ya hedhi. Msichana anayechota maji bwawani aulizwe na hilo, ila kichocho hakizuii kuvunja ungo.

Katazo kuhusu kukata

Katika zahanati hakuna anayeruhusiwa kutoboa utando huo, kwa wembe, kwa kisu cha upasuaji wala kwa sindano ya kuvuta damu. Sindano ni hatari kwa sababu inaonekana ya busara. Damu iliyokaa miezi ni nzito, ya rangi ya kahawia iliyoiva, na inaweza kupita lita moja. Sindano hutoa kidogo, tundu hujifunga, na wadudu walioingia hubaki ndani pamoja na chakula chao. Siku chache baadaye ni usaha, homa, na mirija ya uzazi iliyoharibika. Anayekata kiambaza kinene akidhani ni kizinda anaweza kufika kwenye kibofu au puru, na binti akaanza kuvuja mkojo au kinyesi.

Upasuaji wa kizinda, ukifanywa chumba cha upasuaji na daktari anayeujua, baada ya altrasaundi, ni wa muda mfupi na binti huweza kurudi nyumbani mapema. Uwezo wake wa kuzaa baadaye kwa kawaida huwa mzuri. Ukicheleweshwa, damu hurudi nyuma kupitia mirija na kuota ndani ya tumbo, na maumivu ya aina hiyo huweza kumfuata utu uzimani. Mkojo ukiwa umeziba kabisa, wekeni mpira wa mkojo kabla ya safari.

Wazazi wengi huuliza swali moja kwa sauti ya chini: je, bikira yake? Jibu lisizungushwe. Utando ulioziba ni kasoro, kuufungua ni tiba, na hospitali inaweza kumwandikia mzazi maelezo ya upasuaji ikiwa binti na mzazi wanayataka.

Asiyeumwa na asiyeona hedhi

Binti aliyeota matiti na kufika miaka 15 bila hedhi, au aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya kubalehe, aandikiwe rufaa hata kama hana shida yoyote. Sababu ni nyingi na si zote ni za maumbile: lishe duni, kifua kikuu cha via vya uzazi, matatizo ya homoni, mimba. Asiye na maumivu na mwenye umbo kamili la kike huenda alizaliwa bila mji wa mimba; kwa nje kila kitu kipo, ila uke ni kishimo kifupi. Mwenye matiti lakini karibu hana nywele za sehemu za siri, au mwenye uvimbe kwenye kinena, anahitaji vipimo vya damu ambavyo havipo wilayani. Mtumishi asimtajie sababu kwa kubahatisha. Neno "huna kizazi" likitamkwa kwa makosa kwenye korido halirudi.

Katika mkoa wa Shinyanga habari hii ina uzito wa pekee. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ziliuweka mkoa huo mbele ya mingine kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo vinakiuka Katiba. Pamoja na hayo, wapo wasichana ambao kasoro yao hugunduliwa usiku wa ndoa. Tendo haliwezekani au linaumiza vibaya, bwana analalamika, ng'ombe wa mahari wanaanza kudaiwa. Binti anayeletwa na mashangazi wa mume "akapimwe kama ni mzima" ni mgonjwa wetu. Waliomleta si wateja wetu. Majibu yake hayaandikwi kwenye karatasi ya kupelekwa kwenye kikao cha mahari.

Aliyethibitika kuzaliwa bila mji wa mimba apewe ukweli ulio kamili. Uke mfupi mara nyingi hurefushwa bila upasuaji, kwa vifaa laini vya kutanua vinavyotumiwa kila siku kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi. Njia hiyo ilielezwa na daktari Robert Frank wa Marekani mwaka 1938, na mpaka leo ndiyo inayopendekezwa kujaribiwa kwanza. Huanzishwa binti mwenyewe akitaka na akiwa tayari, si kwa ratiba ya ndugu. Kubeba mimba hataweza, ingawa ovari zake zinafanya kazi. Mwaka 2014 huko Sweden alizaliwa mtoto wa kwanza kutoka kizazi cha kupandikizwa, mama yake akiwa mmoja wa waliozaliwa bila kizazi. Ni habari ya kweli, lakini asipewe kama ahadi mtu anayetafuta nauli ya kwenda Mwanza. Kulea kupo: mtoto wa ukoo, au kuasili kupitia Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Mtoto mchanga

Kila mtoto wa kike akaguliwe kabla ya kutoka wodi ya wazazi, nepi ikiwa imefunguliwa. Mkunga ahesabu matundu: la mkojo, la uke, la haja kubwa. Tundu likiwa moja tu kwa kazi zote tatu, au la haja kubwa likikosekana, hiyo ni rufaa ya siku hiyohiyo. Utando unaotuna ukeni kwa mtoto mchanga huweza kuwa ute uliozuiwa. Aonwe na daktari. Ikiwa jinsia haieleweki kwa macho, mkunga asitangaze mvulana wala msichana. Aseme, "Mtoto amezaliwa, tunaomba daktari amwone kwanza." Baadhi ya watoto hawa hupoteza chumvi mwilini na kufariki ndani ya wiki chache.

Kliniki na chumba cha kujifungulia

Mwanamke mwenye kizazi cha pembe mbili au chenye kiambaza hushika mimba. Anachoweza kupata ni mimba kutoka, uchungu kabla ya wakati, na mtoto kukaa kitako au kukingama. Historia ya namna hiyo ikijirudia, iandikwe wazi kwenye kadi ya kliniki, apelekwe altrasaundi mapema, na apangiwe kujifungulia hospitali yenye upasuaji. Maeneo ya machimbo yana tatizo lake: mama alihudhuria mara ya kwanza Nyarugusu, mara ya pili Mwakitolyo, kwa kuwa mume alifuata duara jipya la kuchimba dhahabu, na kadi ilibaki kwenye kibanda cha mwanzo. Kwa hiyo muulizeni upya kila ujauzito.

Asiahidiwe kuwa kukata kiambaza kutamaliza tatizo. Jaribio dogo la kimataifa lililochapishwa mwaka 2021 halikuonyesha kuwa upasuaji huo unaongeza watoto wanaozaliwa hai. Uamuzi uachwe kwa daktari bingwa na mama mwenyewe.

Hatari kubwa ni mimba iliyotunga kwenye pembe iliyodumaa. Ni nadra, lakini hupasuka, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 6, wakati ambapo wengi wetu tumeacha kufikiria mimba ya nje ya kizazi. Mjamzito mwenye tumbo gumu la ghafla, kizunguzungu, maumivu ya bega na mapigo ya kasi atundikiwe maji na gari liitwe. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuutumia, unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Asipewe dawa za kuongeza uchungu, ziwe za hospitali au za kienyeji.

Kuhusu lawama

Kasoro nyingi za aina hii hazina chanzo kinachojulikana. Dawa moja iliyothibitika kuharibu umbo la kizazi cha mtoto tumboni, dayethilistilbestroli, ilitolewa kwa wajawazito Marekani tangu miaka ya 1940 hadi onyo la mwaka 1971. Zebaki ni suala jingine. Wanawake wanaochenjua mialoni na kuchoma dhahabu jikoni wanauliza kama ndiyo iliyowafanya wazae mtoto wa hivi. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kuipunguza. Mjamzito akae mbali nayo kabisa. Lakini haijathibitika kuwa ndiyo chanzo cha kasoro za kizazi, na mama asibebeshwe hilo.

Lawama nyingine ni mbaya zaidi. Familia ikiambiwa binti "amefungwa", itamtafuta aliyemfunga, na Usukumani mtu huyo huwa bibi mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wazee wameuawa katika mikoa hii kwa tuhuma za namna hiyo. Mtumishi akisikia jina la mtu likitajwa katika mazungumzo ya chanzo, aeleze ugonjwa kwa familia nzima siku hiyohiyo, na kukiwa na vitisho atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Rufaa na ufuatiliaji

Kizinda kilichoziba kilichothibitishwa kwa altrasaundi kinaweza kushughulikiwa hospitali ya wilaya yenye daktari mwenye ujuzi huo. Mengine yote yaende hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita, na kutoka huko Bugando, Mwanza, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato. Barua ya rufaa itaje umri, hali ya matiti, tarehe za maumivu, kilichoonekana kwa macho, jibu la kipimo cha mimba, na ombi la kuangalia figo. Isiandikwe "tumbo kuvimba" pekee, maana atapokelewa foleni ya minyoo. Kwenye rejesta za taarifa za afya (MTUHA) andikeni utambuzi; jina la binti lisisomwe kwa sauti dirishani.

Aliyefanyiwa upasuaji aonwe zahanati baada ya wiki 6, na baada ya hedhi ya pili aulizwe kama damu inatoka vizuri na maumivu yameisha. Yakirudi, tundu limejifunga. Arudishwe hospitali kabla ya hedhi ya tatu. Mwalimu mlezi apewe barua inayosema tu kwamba mwanafunzi alikuwa mgonjwa, ametibiwa, na tarehe ya kurejea darasani.